Hotuba ya Rais ikifika Amu: namna ya kuchukua maoni ya watu

Rais mpya akishamaliza kuhutubia taifa, swali la kwanza linaloulizwa Mkunguni, uwanja wetu wa mji wa Amu (Lamu), ni "kasema nini?" La pili ni "na sisi je?" Kati ya maswali hayo mawili ndipo maoni ya watu huzaliwa, na hapo hapo hupotea, kwa sababu anayeyakusanya ana haraka ya kupeleka sauti redioni au kwenye ukurasa wake. Huleta "njema", "twashukuru", "tungoje tuone", basi. Maneno hayo hayamfai msikilizaji. Rai juu ya hotuba huwa na uzito inapofungwa kwenye sentensi iliyoizaa: Rais alisema nini hasa, mtu huyu alisikia nini, na kazi yake itaguswa wapi. Nawaandikia vijana wa Amu, Shela, Mokowe na Faza watakaotoka siku hiyo na simu mkononi, kwa kuwa watu wetu husemewa mno na nadra kuulizwa vizuri.

Anza na kalenda. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 141, yasema Rais mteule huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa, ikiwa hakuna kesi. Kesi ikiwepo, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu Mahakama ya Juu iseme uchaguzi ni halali. Mwaka 2022 uamuzi ulitolewa 5 Septemba. Siku ya saba ikawa Jumatatu 12, na William Ruto akaapishwa Kasarani Jumanne 13 Septemba. Mwaka 2017 hesabu ni ile ile: uamuzi 20 Novemba, kiapo 28 Novemba. Basi uamuzi ukitoka tu, waijua siku, na una wiki nzima ya kuwaambia watu wako kwamba utawapitia.

Saa nayo ina maana yake. Sheria imeweka kiapo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kwetu adhuhuri huingia katikati ya muda huo. Runinga ikiwa imewashwa barazani, adhana ikilia baraza huwa tupu. Mvuvi aliyetoka alfajiri yuko baharini, kwa kuwa bahari haijui siku ya mapumziko. Mama ana redio jikoni na chungu motoni, asikia nusu. Kwa hivyo wengi utakaowauliza hawakuisikia hotuba yenyewe. Wamesikia muhtasari wa taarifa ya habari ya saa moja jioni, au kipande cha sekunde 30 kilichopita kwenye WhatsApp, au wamesimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Hilo si kosa lao, ila ni lazima ulijue. Swali lako la kwanza liwe "Umeisikia wapi?", na jibu lake uliandike kando ya kila jina: moja kwa moja, taarifa, kipande, kuambiwa. Rai ya aliyesikia kipande ni rai juu ya kipande. Ukiichanganya na ya aliyesikiliza mwanzo hadi mwisho, umeharibu zote mbili.

Kabla ya kutoka nyumbani, pata hotuba kwa njia mbili: maandishi na sauti. Moja haitoshi. Desturi ya marais wetu ni kusoma Kiingereza kwenye karatasi, kisha kuiweka kando na kusema na watu kwa Kiswahili. Yale ya Kiswahili hayamo kwenye karatasi iliyogawiwa, na mara nyingi ndiyo yaliyomshika mtu wa baraza. Mtu atakwambia "kasema hivi na hivi", wewe utafute kwenye maandishi usione, umdhanie kuwa mwongo, naye asema kweli tupu. Rekodi matangazo mwenyewe, andika pembeni dakika ya kila sentensi nzito, na pale anapotoka kwenye karatasi weka alama.

Halafu pitia sentensi moja moja. Kuna ahadi yenye siku, kuna ahadi yenye kiasi, kuna maneno mema. Hotuba ya 2022 inafaa sana kwa mazoezi. Ruto alisema mchana ule ule angeteua majaji sita waliokuwa wameachwa nje na mtangulizi wake, na kwamba angeagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa. Hizo zina siku, na jua likizama zapimika. Alisema mbolea, mifuko milioni 1.4, ingeuzwa shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, kutoka 6,500, kuanzia wiki iliyofuata. Hiyo ina siku, ina kiasi, ina bei. Alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na kwamba njia ile haikuwa endelevu. Hapo hakuna ahadi iliyotamkwa, lakini mtu mwenye boti angeisikiliza vizuri angejua kinachokuja.

Na kilikuja kesho yake. Tarehe 14 Septemba bei mpya za mwezi zilitangazwa, kwa kuwa bei za mafuta Kenya hubadilishwa kila tarehe 14 usiku na kuanza kutumika 15. Petroli iliongezeka shilingi 20 na senti 18 kwa lita, ikafika 179.30 Nairobi, dizeli ikaongezeka 25, mafuta ya taa 20. Fanya hesabu mbele ya mtu wa boti: dumu la lita 20 la petroli limepanda shilingi 403 na senti 60 kwa siku moja, na bado hujatia gharama ya kulivusha kutoka bara. Kinachonihuzunisha ni kwamba maoni yaliyochukuliwa usiku wa 13 na yale ya usiku wa 14 hutajwa kama kitu kimoja, "maoni ya watu kuhusu hotuba". Si kitu kimoja. Usiku wa 13 mwenye boti aliulizwa juu ya maneno. Usiku wa 14 aliulizwa juu ya dumu.

Sasa lugha, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea, basi nitakaa kidogo. Katika hotuba ile ile, hoja ilikuwa kwamba serikali ingeacha kumsaidia mnunuzi na badala yake imsaidie mzalishaji. Chukua kamusi, tafsiri neno kwa neno, na utapata "ruzuku ya uzalishaji badala ya ruzuku ya ulaji". Msomee mtu wa Langoni, mtaa wa hapa Amu, sentensi hiyo. Atafurahi. Atakwambia Rais amesema kweli, ulaji umezidi serikalini na wakati wa kuukomesha ndio huu. Kwake yeye, kama kwa Mswahili yeyote wa leo, ulaji ni kula mali ya umma. Umemwuliza juu ya unga, amekujibu juu ya wizi, na wewe utaandika kwamba ameunga mkono kuondolewa kwa ruzuku. Njia salama ni kuacha majina ya mambo na kusema jambo lenyewe: "Rais asema serikali haitalipa tena sehemu ya bei ya unga dukani. Italipa sehemu ya bei ya mbolea kwa mkulima. Wewe waonaje?" Sentensi ni ndefu kidogo, lakini kila mtu anaielewa, na jibu utakalopata litakuwa la swali uliloliuliza. Neno "ruzuku" lenyewe si la mdomo wa kila mtu. Liandike kwenye habari yako, usilitumie barazani.

Neno la pili la hatari kwetu ni "bandari". Katika hotuba ya 2022 bandari ni ya Mombasa, na ahadi ilikuwa ya kurudisha kazi Mombasa. Lakini ukisema "bandari" ukiwa Amu, mawazo ya mtu huenda Kililana, kwenye bandari mpya ya Lamu. Ana kila sababu. Mradi ule ulizinduliwa 2 Machi 2012, gati la kwanza likafunguliwa 20 Mei 2021, na katikati yake, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mtu akikujibu "bandari isitusahau wavuvi", anazungumzia njia zake za kuvulia na fidia, hazungumzii makasha ya Mombasa. Muulize papo hapo: "Bandari gani, mzee wangu?" Swali la maneno manne, na huokoa mahojiano mazima.

Matatizo haya ya lugha hayakuwepo tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dar es Salaam, siku mbili baada ya kifo cha John Magufuli kutangazwa. Alihutubia kwa Kiswahili, kwa sauti ya matanga, akiwataka watu wazike tofauti zao, washikamane na wasinyosheane vidole. Pwani hii ina udugu na Unguja tangu zamani, na huku hapakuhitajika mkalimani. Ndiyo maana hotuba ya Kiswahili huzaa maoni ya namna nyingine: watu hujadili uteuzi wa neno, pumzi, mahali alipotua, heshima aliyomwekea marehemu. Ukichukua maoni ya hotuba kama hiyo, usimkatize mtu anapozungumzia sauti ya msemaji ukadhani anakwepa swali. Kwa Mswahili, namna ya kusema ni sehemu ya kilichosemwa.

Kuna pia maoni juu ya mwili, na hayo yaandike kwa jina lake. Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park 30 Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu una plasta, baada ya ajali ya mapema mwezi ule. Alisema serikali haitaendeshwa tena kwa matakwa ya mtu binafsi. Waulize watu wazima wanakumbuka nini, na wengi wataanza na kile kiti. Kisha watakumbuka Januari 2003, watoto walipoingia shule ya msingi bila karo. Vivyo hivyo kimya. Barack Obama alipoapishwa 20 Januari 2009, saa sita mchana ya Washington ikiwa saa mbili usiku kwetu, watu walingoja asikike akitaja Kenya. Alitaja kijiji kidogo alikozaliwa baba yake, asilitaje jina la nchi. Kila hotuba ina neno linalongojwa. Basi kila unayemhoji muulize pia: "Ulikuwa ukingoja lipi, hukulisikia?" Kwa maoni yangu hilo ndilo swali lizaalo matunda kuliko yote, kwani sifa mtu aweza kuzitoa kwa adabu tu, lakini hawezi kukosa kitu ambacho hakukitaka.

Tafadhali acheni "Umeionaje hotuba?" Mtu wa Amu aliyelelewa vizuri, akiulizwa na mtoto wa watu mbele ya wenzake, atajibu "njema, Mungu amsaidie". Hiyo ni dua, na dua hailingani na rai. Anza na salamu kamili, uulize hali ya nyumbani, ukae ukikaribishwa, unywe kahawa ukipewa. Kisha: "Ami, neno gani limekushika?" Nyamaza. Akishalitaja, msomee sentensi yenyewe kwa Kiswahili chepesi, umuulize itabadilisha nini katika kazi yake wiki hii. Mwenye boti muulize nauli ya Faza. Mwenye duka muulize bei ya unga anaonunua Mombasa. Mkulima wa Hindi au Mpeketoni mfanyie hesabu: mifuko mitano ya mbolea kwa bei mpya ya 2022 ilikuwa nafuu ya shilingi 15,000, lakini ataichukulia wapi, na nauli ya kuifikisha shambani ni ngapi? Na itafika kabla ya mvua za vuli au baada? Mbolea ikifika mvua imekwisha, bei nafuu haimfai. Mvuvi wa Kizingitini usimsumbue na mbolea. Hapo utapata "njema" nyingine tu.

Nani wa kuulizwa? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti: 121,662 Lamu Magharibi na 22,258 Lamu Mashariki. Ukiamua kuhoji watu 24, idadi ambayo watu wawili huimudu kwa siku mbili, wanne watoke Mashariki na ishirini Magharibi. Hao ishirini wasiwe wote wa mji wa Amu, kwa sababu Magharibi ndiko pia Mokowe, Hindi, Witu na Mpeketoni. Kosa tulilolizoea ni kushuka gatini, kuhoji wanaume sita waliokaa kivulini, na kuandika "wakazi wa Lamu wasema". Wanaume sita wa gatini ni wanaume sita wa gatini. Wanawake nusu, yaani kumi na wawili, hutawapata barabarani. Apelekwe msichana au mama anayejulikana mtaani, aingie nyumbani, au aombe ujumbe wa sauti kwenye simu. Ujumbe wa sauti una faida yake, maana mtu husema peke yake bila jicho la jirani, na huwa mkweli zaidi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuuliza "bandari gani?" papo hapo, basi mpigie baadaye.

Ukimkuta mtu amevaa fulana au kofia ya chama, muhoji, lakini uandike. Ukimaliza 24, usigeuze kuwa asilimia. "Saba kati ya 24 walitaja bei ya mafuta bila kuulizwa" ni habari kamili na ya kweli. "Asilimia 29 ya wakazi" si kweli, kwa sababu hukuwachagua kwa bahati nasibu wala hukufika Kiunga.

Kuandika kwenyewe. Mtu akisema "nti" (nchi), andika "nti". Akisema "yeo" (leo), andika "yeo". Kiamu, lahaja yetu, hakihitaji kusahihishwa ili kionekane habari. Msomaji wa mbali atafahamu kwa muktadha, na wa karibu atajua hukumwekea mtu maneno mdomoni. Akijibu kwa methali, muombe aifungue, maana "ahadi ni deni" yaweza kuwa tumaini, na yaweza kuwa onyo. Na hapa petu jibu laweza kuja kama shairi, usiku ule ule, likapita simu hadi simu. Lichukue zima. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na mara nyingi fumbo huwekwa juu na kufunguliwa kwenye mshororo wa mwisho. Ukikata miwili ya kwanza ukaitangaza, unaweza kumfanya malenga aonekane amesifu alichokilaumu. Omba ruhusa yake, uulize anataka jina lake lisomwe au la.

Picha zenye nembo ya gazeti na maneno ya Rais katikati zitakuwa nyingi siku hiyo. Kabla ya kumuuliza mtu juu ya picha, tafuta sentensi hiyo kwenye sauti uliyoirekodi. Usipoiona, usiiulizie, kwa sababu kuiulizia ni kuitangaza.

Rudi mara tatu. Mara ya kwanza ni usiku wa kiapo, baada ya isha, watu wakiwa wametulia barazani. Mara ya pili ni baada ya bei za mafuta za tarehe 14 inayofuata. Mara ya tatu ni siku ya mia. Kuhesabu siku mia kulianzia Marekani kwa Franklin Roosevelt mwaka 1933, lakini hapa kulipata nguvu yake tarehe 9 Aprili 2013, Uhuru Kenyatta alipoitaja idadi hiyo mwenyewe alipoahidi kuondoa ada za kujifungua. Siku ya mia ilikuwa 18 Julai, na ada zilikuwa zimeondolewa tangu 1 Juni. Vipakatalishi vya watoto wa darasa la kwanza, alivyoviahidi pia kwa mwaka uliofuata, vilianza kufika 2016 vikiwa tabuleti. Aliyekwambia Aprili 2013 "ya wazazi naiamini, ya kompyuta siiamini" alikuwa ameipima hotuba sentensi kwa sentensi, na rai yake ilistahili kuhifadhiwa.

Kwa hiyo hifadhi. Kila faili la sauti lipe tarehe, mahali na namba ya mtu, jina lake liwe kwenye daftari peke yake. Kwa kiapo cha 13 Septemba 2022, siku ya mia iliangukia 22 Desemba. Piga hesabu kama hiyo kwa kiapo kijacho siku ile ile ya kwanza, na uwaambie watu wako 24 tarehe utakayorudi. Ukirudi uliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Ukimkuta mtu amebadili rai, andika zote mbili na tarehe zake, wala usiifute ya kwanza.